Breki za Gari ya Biharusi: Tunavyozitoa Upepo Wenyewe Uani

Tumezoea kukuandikieni habari za mashela, za lesi nzuri na lesi ya kudanganyia macho, na namna ya kufukiza nguo kwa udi isiungue. Leo tunaandika habari za breki. Msicheke. Tangu tulipoanza kuweka picha za gari yetu hapa, mama wa maharusi wanatuuliza mambo mawili tu: bei, na kama maua yatafuata rangi ya nguo. Hajatokea hata mmoja wa kutuuliza kama gari inasimama.

Kwa wageni wetu: sisi ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Tulimaliza skuli ya sekondari tukasomea ushoni, na sasa tuna duka la nguo za maharusi hapa Unguja. Pamoja na nguo tunakodisha gari ya kumpandia biharusi, Morris Minor aliyotuachia babu yetu, rangi ya maziwa, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Gari hizi zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 na zikasita mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kutoka zaidi ya milioni moja na nusu. Aliyezibuni, Alec Issigonis, ndiye aliyekuja kubuni na ile ndogo zaidi, Mini. Wazee wetu wa mjini wanazikumbuka vizuri tangu enzi za Muingereza. Watoto wao wanadhani ni gari ya katuni.

Sasa hadithi yenyewe. Mwezi wa Shaaban mnaujua ulivyo. Kila mwenye binti anataka amuozeshe kabla ya kufunga, na harusi zinapishana njiani kama daladala. Tulikuwa tumeipeleka gari gereji kubadilishwa viatu vya breki vya nyuma, vile vipande viwili vya mviringo vinavyotanuka ndani ya dramu na kulibana gurudumu. Ikarudi Jumatatu. Harusi yake ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Tulipoikanyaga breki, pedali ikazama laini kama mto wa usufi. Tukarudi kwa fundi, naye akatwambia, "Dada zangu, ikanyageni mara mbili tatu, itashika. Gari za kale ndivyo zilivyo."

Hapo tunamkatalia, na tunakuombeni na nyinyi mkatae ukiambiwa hivyo na yeyote. Breki za gari ya kale ni nzito, maana hazina ile mashine ya kusaidia mguu iliyomo kwenye gari za sasa. Nzito, si laini. Laini maana yake upepo umeingia mahali pa mafuta. Mguu unapokanyaga, mafuta ya breki yanasukumwa kwenye mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu, na kwa kuwa mafuta hayabanyiki, nguvu ya mguu inafika yote. Upepo unabanyika. Ukiwemo kwenye bomba, mguu wako unaubana upepo badala ya kusukuma viatu, na gurudumu haliambiwi kitu. Ukipiga mara mbili tatu linapata kidogo. Lakini mtoto akiruka mbele ya gari, hizo mara mbili tatu utazipata wapi?

Na hii ndiyo iliyotunyima usingizi. Watu wanasema gari ya harusi haiendi mbio, kwa hiyo haina hatari. Hebu itazameni harusi yetu ya kisiwani ilivyo. Mbele ya gari kuna beni, kuna mtu wa kamera anatembea kinyumenyume, kuna watoto wa mtaa mzima wanakimbia wanagusa boneti. Tunakwenda mwendo wa miguu, hatua mbili mbali na migongo ya watu. Ndani kuna biharusi aliyefunikwa haoni kitu, somo wake pembeni, na shangazi mmoja ambaye siku zote hupanda bila kualikwa. Hayo yote ni amana. Aidha, Morris Minor ina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne, si mbili kama gari za sasa. Likivuja bomba la gurudumu moja, breki ya mguu inaondoka kwa magurudumu yote, unabaki na breki ya mkono na dua. Dua tunaomba, ya kipando hatuiachi. Lakini sote tumesoma madrasa habari ya ngamia, kwamba kwanza anafungwa, ndipo unatawakali.

Tukamwita ami yetu. Ujanani alikuwa fundi magari, sasa mtoto wa jicho amemnyima kuona lakini masikio yake mazima. Akawekewa kiti chini ya mwembe, bakora mkononi, akasema, "Wanangu, kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja mguu, mmoja spana. Anayetaka kuifanya peke yake ana haraka ya kwenda wapi?" Sisi tuko wawili tangu tumbo la mama yetu, tukaona kazi imetuchagua wenyewe.

Jumanne usiku tulifanya jambo moja tu. Nyuma ya kila gurudumu, kwa ndani, ipo skrubu ndogo yenye tundu katikati, ndiyo ya kutolea upepo. Hewa yetu ya bahari inazila hizi kwa kutu. Tukazisugua kwa brashi ya waya, tukazitia mafuta ya kulainisha kutu, tukaziacha zilale. Ukiilazimisha ikiwa kavu inakatika, na ikikatika utanunua silinda nzima ya gurudumu. Spana yake iwe ringi, ile ya kuzunguka kichwa chote, na iwe ya kipimo cha inchi, maana gari hii ni ya Kiingereza. Spana ya milimita inayokaribia kuenea itakula pembe za skrubu mpaka iwe mviringo kama shanga.

Jumatano, baada ya Adhuhuri, tukafunga mlango wa ua. Madira tulivua, tukavaa suruali za zamani na kanzu fupi, mitandio tukaifunga nyuma, na glavu mkononi. Hili la nguo si mapambo ya hadithi. Mafuta ya breki yanachubua rangi ya gari palepale yanapodondoka, yanawasha ngozi, na macho ndiyo usiseme. Weka ndoo ya maji karibu, tone likianguka kwenye rangi limwagie maji mengi hapohapo, usilipanguse kwa kitambaa kikavu. Na nguo yoyote ya mteja iwe chumba kingine, mlango umefungwa. Tuliondoa hata kamba ya kuanikia.

Gari tuliisimamisha pahala tambarare, kabari za mbao kwenye magurudumu yaliyobaki chini, tukainua kwa jeki na kuiweka juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kukalia chini yake. Na matofali msitumie kabisa, tofali halitoi onyo, linapasuka. Kwa magurudumu ya nyuma breki ya mkono iachiwe.

Ami hakuturuhusu kufungua skrubu mpaka tumebana viatu kwanza. Gurudumu likishatoka, kwenye dramu pana tundu la kupitisha bisibisi, ndani mna skrubu ya kurekebishia, moja kwa kila gurudumu la nyuma na mbili kwa kila la mbele. Unaizungusha mpaka dramu inagoma kuzunguka, kisha unairudisha kidogo, hatua moja, mpaka iwe huru. Sisi hili tulilielewa mara moja, ni kama kukaza uzi wa cherehani. Ukiulegeza sana mshono unacheza, ukiukaza sana unakatika. Na usipofanya hivi kwanza, utatoa upepo siku nzima na pedali itabaki ndefu, kwa sababu viatu viko mbali na dramu.

Sasa kibuyu cha mafuta. Kwenye gari nyingi kinaonekana ukifungua boneti, lakini kwenye Minor kiko chini ya miguu ya dereva, chini ya sakafu. Unakunja zulia, unaondoa kifuniko kidogo, unakiona kizibo. Na hapo ndipo ulipo mchanga wa miaka yote, wa kila kiatu kilichopanda. Tulifagia kwa brashi ya rangi, tukafuta kwa kitambaa, tukafagia tena. Ami akauliza mara tatu kama pamesafika. Punje moja ya mchanga ikiingia mle itakwenda kukwaruza mipira ya ndani. Kwenye kizibo chenyewe mna tundu dogo la kupumulia, nalo tulilizibua kwa sindano nambari 9. Kila mtu na vifaa vyake.

Mafuta tulinunua kopo dogo, jipya, lililofungwa, la DOT 4. DOT 3 nayo inafaa, lakini DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizi. Wala msitie mafuta ya injini wala ya kula, yanavimbisha mipira na gari itakosa breki kabisa. Kwa nini kopo dogo? Kwa sababu mafuta haya yananyonya maji kutoka hewani, kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Kiwango cha DOT 4 ni kwamba yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, na yakishanyonya maji yasichemke chini ya 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ndani ya bomba ni sawa na upepo. Kwa gari inayofuata beni joto si tatizo kubwa, tuseme kweli. Tatizo letu ni kutu inayofanywa na hayo maji ndani ya silinda, hata gari ikiwa imelala tu bandani.

Tukaandika magurudumu kwa chaki ya fundi, 1 mpaka 4, kuanzia lililo mbali kabisa na kibuyu. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo la kwanza ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Mkubwa akaingia kwenye kiti cha dereva. Mdogo akalala kwenye mkeka na chupa ya jemu, ndani yake mafuta mapya kidogo, na mpira mwembamba wa kuonekana ndani, ncha moja kwenye skrubu na nyingine imezama ndani ya mafuta ya chupa ili upepo usirudi.

Maneno ni manne tu. Mdogo anasema, "Kanyaga." Mkubwa anaanza kukanyaga polepole, mdogo anafungua skrubu nusu mzunguko, mafuta yanatoka. Pedali ikifika chini mkubwa anasema, "Chini," na hauinui mguu. Mdogo anafunga na kusema, "Tayari." Ndipo mkubwa anasema, "Naachia," na anaachia taratibu. Ukiinua mguu kabla skrubu haijafungwa, umevuta upepo mpya na kazi yote imerudi nyuma. Tulipishana kauli mara moja tu, na ami alisikia kabla yetu, bakora ikagonga chini. Jambo jingine aliloshikilia: tuweke kipande cha ubao chini ya pedali isifike mwisho kabisa. Kwenye silinda ya kale, sehemu ambayo mpira haufiki kila siku huwa na kutu, na ukiusukuma mpaka kule unachanika.

Mafuta ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa ya barazani, yamechanganyika na mapovu. Kila baada ya mikanyago mitano tukafungua kizibo na kujaza, maana kibuyu ni kidogo, na kikikauka kinanyonya upepo. La kwanza lilikula nusu saa. La pili lilikuwa jepesi. Ya mbele yalitoa povu kidogo tu, kisha rangi ikageuka ya asali nyepesi, safi. Yaliyotoka hayarudishwi garini hata yakionekana mazuri. Tunayatia chupa tukaiandika sumu, juu, mbali na watoto, wala hatuyamwagi uani, visima vyetu viko chini ya ardhi hiihii.

Alasiri pedali ilikuwa juu, ngumu, inagota kama mlango wa Kizanzibari. Tukamshukuru Mungu. Ami hakusema kitu. Akasema tu, "Kanyaga, uhesabu mpaka sitini bila kuachia."

Tulipofika arubaini ikaanza kuzama. Polepole mno, kama mtu anayesinzia. Kutoa upepo hakutibu uvujaji, na huu ulikuwa uvujaji. Tukaliangalia gurudumu namba 1, tukavuta dramu. Ukingoni mwa silinda palikuwa na unyevu, mpira umechoka. Hapa hatuna uhakika fundi aliuona au hakuuona, na hatutamsingizia. Mipira yake haikuwepo madukani mjini, ingebidi itoke Uingereza, ambako mpaka leo ziko biashara zinazouza vipuri vya Minor peke yake.

Usiku ule tukampigia simu mama wa biharusi.

"Shikamoo mama. Gari haitokuja Ijumaa. Breki zina hitilafu."

"Siku mbili kabla? Hamuoni haya? Kwani si mnaendesha polepole?"

"Polepole, mama. Lakini mbele yake kuna watoto."

"Sasa watu nitawaambia nini, nimeshawaonyesha picha?"

Jibu la hilo hatukuwa nalo. Tulimrejeshea arubuni yake yote usiku uleule, tukamshonea na kikuba cha ziada bure, biharusi akaenda kwa Noah ya jirani iliyopambwa asmini. Nguo ilimkaa vizuri, alhamdulillah. Lakini mama hakuridhika. Alisema, na watu wakasikia, na familia mbili nyingine za Shaaban hiyo zikafuta. Ilikuwa hasara ya kweli, kodi ya duka la mwezi ule tulilipa kwa dhahabu ya mmoja wetu. Wapo walotwambia tungenyamaza tu, siku ingepita. Labda ingepita. Hatukutaka kujua.

Mipira ilifika katikati ya Ramadhani na mtu aliyekuwa anarudi kutoka London. Tukaitia tukiwa na saumu, tukatoa upepo upya magurudumu yote manne, tukahesabu mpaka sitini, kisha mpaka mia. Tukaipeleka kwanza ndani ya ua kwa mwendo wa mtoto mchanga, kisha barabara ya Fuoni asubuhi mapema, tukikanyaga mara nyingi pahala patupu. Ikasimama imenyooka, haikuvuta upande. Mfunguo mosi ikabeba maharusi watatu.

Tangu hapo mafuta tunabadilisha kila mwaka mwezi wa Rajabu, kabla msimu haujaanza. Tarehe tunaiandika kwa chaki ukutani mwa banda, pembeni ya vipimo vya wateja, na aliyewahi kuuona ukuta huo anadhani sisi ni wendawazimu. Wapo pia wanaosema si vizuri mwanamke kulala chini ya gari. Uani kwetu, mlango umefungwa, tumejisitiri, tunaona hawana la kusema.

Wewe unayekodi gari ya harusi, ya kale au mpya, kwetu au kwa mwingine, fanya hivi kabla ya kutoa arubuni. Mwambie mwenye gari akuruhusu ukae kiti cha dereva ikiwa imezimwa, huhitaji leseni kwa hilo. Kanyaga breki mara tano, kisha ishikilie kwa nguvu na uhesabu mpaka sitini. Ikiwa laini kama sponji, kuna upepo. Ikiwa inakuwa ndefu mara ya kwanza na inapanda ukikanyaga tena, ikawa ngumu, huenda ni viatu vinataka kubanwa. Ikiwa inazama wakati umeishikilia, inavuja, shuka na ukatafute nyingine. Kwenye gari za sasa, washa injini mguu ukiwa bado juu ya pedali: itashuka kidogo na kusimama, hiyo ni ile mashine ya kusaidia mguu na ni sawa. Kisha chungulia ndani ya magurudumu yote manne kama kuna majimaji kwenye tairi. Akikasirika umemuuliza, umeshapata jibu lako.

Ukija dukani kwetu tutakupa kiti hicho wenyewe, ila uvue viatu vya kisigino. Wiki ijayo inshaAllah tutarudi kwenye mashela, tumeulizwa sana habari za mikono mipana inayoingia kwenye sahani ya pilau.